Sababu ya Mkopo

Waheshimiwa wa kamati,
fomu yenu ina mstari mmoja tu wa kueleza sababu,
nami nimeandika: kuzamia.
Mweka hazina alicheka hadi miwani ikamdondoka.
Kwa hiyo naendelea nyuma ya karatasi.

Ilianza na belo. Soko la Memorial, Jumanne, Moshi bado ina ukungu,
Ndeshi alipolipasua likatapika makoti ya baridi,
na katikati ya makoti, vazi jeusi la mpira,
zito, zipu mgongoni kama kovu la upasuaji.
La pikipiki, akasema mmoja. La zimamoto, mwingine.
Nililichukua kwa elfu saba, nikate mabegi ya shule.
Lakini mimi ni fundi cherehani, naheshimu mshono,
na mshono ule haukupitisha hata mwanga.
Mkasi ukanishinda mkononi.

Sasa hesabu, maana najua mnasubiri hesabu.
Kufunzwa siku nne na kupewa cheti: milioni moja na laki mbili.
Basi la Tanga, chumba, chai na andazi: sijathubutu kujumlisha.
Mtungi, mashua, mkanda wa risasi (si za bunduki),
laki moja na thelathini kila unapozama,
na ukizama ni dakika arobaini.
Nimegawanya. Dakika moja, elfu tatu na mia mbili hamsini:
kila dakika, kilo ya mchele inapanda juu kwa mapovu.

Najua wenzangu wanajifurahisha kwa nafuu.
Shemeji Kimaryo anafuga njiwa: mtama debe moja,
na ugomvi na jirani, ambao ni wa bure.
Aikaruwa anakimbia alfajiri kwa raba za mtumba,
mlima ameukuta palepale, hakuulipia.
Mama Ndelilio ana kwaya, sare mpya kila Pasaka;
mimi ndiye namshonea, asiniambie ni sadaka.
Na wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti,
nyama choma ya Kiborloni kila Jumamosi, miaka ishirini na mbili,
hesabu hiyo nayo nimeipiga.
Nimeiacha nyumbani, kwa heshima.

Mtauliza: hewa nayo inanunuliwa?
Hapa Moshi, upepo unashuka toka kwenye barafu
bila risiti?

Mnakumbuka baba alipolazwa.
Mtungi ulisimama kando ya kitanda
kama mgeni aliyekataa kiti.
Asubuhi muuguzi aligonga kioo cha mshale,
jioni ikaja karatasi ya bili.
Siku kumi na moja.
Tuliuza ng'ombe, tukauza mbao za dari tulizoziweka akiba,
na ninyi mkanikopesha.
Siku ile hamkucheka.

Mwaka jana, harusi ya mpwa wangu, Tanga,
nilitoroka kabla wapishi hawajawasha moto.
Nilibeba malipo ya awali ya majoho ya mahafali
(nimeyarudisha, muulizeni mkuu wa shule).
Mita tisa. Kwanza niliogopa, nikauma mpira hadi taya likauma.
Kisha nikaisikia: kuvuta, kimya, kutoa,
sauti ileile ya wodini,
ila kifua kilikuwa changu.
Mshale ulishuka polepole na hakuna aliyelia.
Palikuwa na samaki pia, wa njano. Sikuwatazama sana.

Mwalimu akaninyooshea dole gumba.
Nikadhani ananisifu, nikamrudishia langu.
Kumbe kule chini dole si safi,
dole ni panda, muda umekwisha.

Dhamana: cherehani mbili, moja ya kanyagio.
Wadhamini: Ndeshi, na Aikaruwa akirudi mbioni.
Marejesho: miezi kumi na minane; msimu wa majoho unakuja.
Vazi liko dukani, limening'inia nyuma ya mlango.
Nimelipunguza kiunoni kwa mkono, sindano ya ngozi,
nyuzi mbili, pande zote.

Mkinipa nusu, nitashuka nusu.